Kabla hujaandika Uhandisi Ujenzi: namna ya kupima nafasi yako ukiwa huku Kusini

Matokeo ya kidato cha sita hutoka mwezi wa saba, na yakitoka mlango wangu hapa Chuno, Mtwara mjini, haukai umefungwa. Mwaka juzi wa kwanza kufika alikuwa kijana wa Nanyamba. Alikuwa ametembea kwa miguu kutoka stendi ili nauli ya bodaboda ibaki, shati limemganda mgongoni, simu kaishika kwa mikono miwili.

“Shikamoo mwalimu. Nimepata wani ya tisa. Ujenzi pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, naingia?”

“Marahaba mwanangu. Kaa kwanza unywe maji. Hiyo wani nimeisikia. Fizikia umepata ngapi, na adivansi ngapi?”

Akanyamaza kidogo. Fizikia C, kemia B, adivansi D.

Nikachukua kaunta buku langu. Nafundisha Hisabati ya Juu, hiyo adivansi, na huu ni mwaka wangu wa 19 katika mkoa huu wa Mtwara. Kwa miaka 12 ya mwisho kila mwanafunzi wangu wa PCM (fizikia, kemia, hisabati) na PGM (fizikia, jiografia, hisabati) ana mstari wake humo: alama za somo moja moja, kozi alizoomba kwa mpangilio aliouweka, chuo kilichomchukua, chuo kilichomwacha, na ilikuwa awamu ya ngapi. Kilichonifanya nianze kuandika ni mtoto mmoja niliyemshauri vibaya. Habari zake zinakuja huko mbele. Ninayoyaandika hapa ndiyo ninayowaeleza wanaokaa kwenye kile kiti changu cha barazani, ila wewe uko Liwale, Tandahimba au Kilwa Kivinje na huwezi kuja. Na kama ni mzazi au mjomba utakayeombwa fedha, yasome pia, maana yapo yanayokuhusu.

Pointi zako ni za hesabu ipi?

Ziko hesabu mbili za pointi, na moja inapanda pale nyingine inaposhuka. NECTA, yaani Baraza la Mitihani, wakipanga daraja, A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Wanajumlisha masomo matatu ya tahasusi yako. Pointi 3 maana yake A tupu, na kuanzia 3 hadi 9 ni daraja la kwanza, hiyo wani. Vyuo vikuu vinahesabu kwa kugeuza: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na S ni nusu. Huko mwenye pointi nyingi ndiye aliye mbele. Kwa hiyo mtu akikuambia ana pointi 10, mwulize za wapi. Za NECTA ni daraja la pili. Za chuo, kwa masomo mawili, ni A mbili.

Hesabu inayokuhusu ni hii ya pili. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, imeweka kwamba anayetoka kidato cha sita awe na prinsipo mbili, yaani masomo mawili ya kuanzia E kwenda juu, zenye jumla ya pointi 4 au zaidi. Kwenye kozi nyingi za uhandisi hayo masomo mawili ni Fizikia na Hisabati ya Juu. Kemia yako nzuri imekupandisha daraja kwa NECTA na imemfurahisha baba, ila mizani ya uhandisi kwa kawaida haiipimi pamoja na hizo mbili.

Yule kijana wa Nanyamba nilimchorea mistari miwili kwenye karatasi. Wa juu ulikuwa wake: fizikia C, kemia B, adivansi D. Wa chini niliutoa daftarini, wa msichana wa miaka ya nyuma: fizikia B, kemia E, adivansi B. Nikamwambia ajumlishe kwa hesabu ya NECTA. Tatu na mbili na nne, tisa. Mbili na tano na mbili, tisa. Wote wawili wani ya tisa. Kisha nikamwambia aifute kemia na ajumlishe kwa hesabu ya chuo. Yeye 5. Yule msichana 8. Akaitazama ile karatasi muda mrefu, kidole kimekaa juu ya ile D.

Anza hapo, basi. Andika herufi mbili na jumla yake, daraja uliache kwenye cheti. Wewe wa PGM ongeza jambo moja: kozi kadhaa za uhandisi zinataja kemia, nyingine zikitaka uwe umeifaulu kidato cha nne. Usome mstari huo kabla hujaipenda kozi.

Wa mwisho kuingia na wa kwanza kukosa

Kila mwaka TCU hutoa vitabu viwili vya mwongozo wa udahili, kimoja cha wanaotoka sekondari na kingine cha wenye stashahada. Vinapatikana bure kwenye tovuti yao. Usichukue kitabu kisicho chako. Mimi huenda steshenari nikachapisha kurasa za uhandisi tu, kwa sababu kwenye simu macho yanaruka mstari na unaweza kusoma sifa za kozi ya jirani. Kila kozi ina sifa zinazotakiwa, pointi za chini ambazo chuo chenyewe kimejiwekea, miaka ya kusoma, ambayo kwa uhandisi ni 4, na idadi ya nafasi. Wanafunzi wangu husoma sifa, wakaona wanazo, wakafunga kitabu.

Zile pointi za chini ni ruhusa ya kupanga foleni. Foleni itakatiwa wapi, hilo linategemea waliokuja kupanga. Sisi watu wa korosho hatuhitaji kuelezwa sana. Korosho ni ile ile daraja la kwanza, ghala ni lile lile, lakini mnada wa wiki hii una bei yake na wa wiki ijayo una yake, kwa sababu walioleta zabuni wamebadilika. Mkulima mwenye busara haulizi tu korosho zake ni nzuri kiasi gani. Anauliza minada iliyopita ilifungwa kwa bei gani.

Wewe nawe tafuta ilifungwa kwa alama gani. Kwa kila kozi unayoitaka watafute watu wawili: aliyeingia kwa alama ndogo kuliko wote, na aliyekosa kwa alama kubwa kuliko wote. Mstari ulipita katikati yao. Utawapata kwa mwalimu wa taaluma wa shule yako, kwa kaka na dada waliotangulia, kwenye kundi la WhatsApp la waliosoma shule yenu. Na uliza hivi hivi: “Kaka, katika darasa lenu la Ujenzi, unamfahamu nani aliyeingia na alama ndogo? Fizikia ngapi, adivansi ngapi, awamu ipi? Na nani mliomba naye akakosa?” Ukiuliza kwa jumla tu, “vipi, Ujenzi pagumu?”, utasimuliwa habari za yule mwenye A tatu, na habari zake hazikusaidii kitu. Aliyeingia kwa stashahada usijilinganishe naye, yeye alipimwa kwa GPA, wastani wa alama za stashahada yake.

Uliza za miaka mitatu. Mwaka mmoja mtihani wa adivansi unaweza kuwa mgumu nchi nzima na mstari ukashuka, mwaka unaofuata ukapanda. Tazama pia idadi ya nafasi. Kozi yenye nafasi chache mstari wake unarukaruka, kwa sababu wakitokea watu 10 tu wenye B na A, umeshasukumwa nje. Kozi yenye nafasi nyingi hutulia zaidi.

Kipimo changu mwenyewe, cha daftarini na si cha TCU, ni hiki. Ukiwa pointi mbili juu ya wa mwisho kuingia kwa miaka yote mitatu, naandika “imara”. Ukiwa sawa naye au pointi moja juu, naandika “nusu kwa nusu”. Ukiwa chini ya yule wa kwanza kukosa, naandika “bahati”, na sikuzuii kuomba, ila utaomba ukijua jina lake.

Kama bado uko kidato cha sita na matokeo hayajatoka, pima kwa mtihani wa utamilifu, yaani moko. Hapo nina jambo nililojifunza kwa kulinganisha mistari yangu: alama ya adivansi iliyosahihishwa na walimu wa shule nyingine hukaribia sana ile ya mwisho. Niliyosahihisha mimi huwa juu. Mwalimu anamjua mtoto wake, anaona alichotaka kusema, anampa alama ya njia. Msahihishaji wa NECTA anaona karatasi. Kwa hiyo chukua alama ya utamilifu wa mkoa, na ile ya mwalimu wako ishushe herufi moja kabla ya kujumlisha.

Mtoto wa Mikindani

Huyu ndiye niliyesema nitamweleza. Alikuwa na fizikia C na adivansi C, pointi 6. Aliutaka Ujenzi na hakutaka kusikia kingine. Baba yake alikuwa fundi mwashi, na yeye tangu mdogo ndiye aliyekuwa akimshikia uzi wa timazi baba akipanga matofali. Nikamwambia: weka Ujenzi vyuo vitatu, kimoja kitakuchukua.

Hesabu niliyofanya kichwani ilikuwa hii. Kila chuo nafasi yake ni nusu. Uwezekano wa kukosa vyote vitatu ni 0.5 mara 0.5 mara 0.5, sawa na 0.125. Mmoja kati ya wanane. Nikalala usingizi.

Alikosa vyote vitatu. Awamu ya pili ilipofunguliwa, Ujenzi haukuwemo kwenye kozi zenye nafasi, na yeye hakuwa amejiandaa kwa lingine lolote. Mwaka ule akaenda kubangua korosho kwa kibarua. Nilikutana naye soko la Chikongola akanipa mkono, na mkono ule sijausahau: ncha za vidole zimebabuka na kuwa nyeusi kwa yale mafuta ya ganda. Hakunilaumu. Alinisalimia kwa adabu akaulizia watoto wangu.

Mimi ndiye ninayefundisha uwezekano darasani. Kila mwaka naandika ubaoni kwamba huruhusiwi kuzidisha namna ile mpaka uwe na hakika matukio hayategemeani. Na yale yalitegemeana. Wenye B na A waliosimama mbele yake chuo cha kwanza ndio hao hao waliosimama mbele yake cha pili na cha tatu. Nilimwandikisha foleni moja mara tatu. Wiki ile ndipo niliponunua kaunta buku. Mwaka uliofuata aliomba upya, akaingia Uhandisi wa Mazingira pale Chuo Kikuu Ardhi, na leo anafanya kazi kwenye miradi ya maji.

Tangu hapo simruhusu mtu kuondoka kwangu na kozi moja iliyorudiwa. Kozi za orodha yako ziwe za foleni tofauti, nawe uwe tayari kuisoma kila mojawapo kwa miaka 4. Anayependa Ujenzi atazame pia Umwagiliaji na Rasilimali za Maji kule Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, au hiyo Mazingira ya Ardhi. Atakuta mabomba, mifereji, udongo na mahesabu ya nguvu ya maji. Anayependa Mitambo atazame Uhandisi wa Viwanda na Uhandisi wa Nguo pale Mlimani. Sokoine wana kozi ya uhandisi wa usindikaji na hifadhi ya mazao baada ya kuvuna, na kwa mtoto aliyekulia chini ya mkorosho naona ni kozi inayomfaa kuliko anavyodhani. Mtoto huyo amekwisha kuona korosho ikiharibika kwa unyevu ghalani.

Vijana wetu wa huku wana mvuto mmoja ninaouelewa, nao ni gesi. Iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, kiwanda cha kuichakata kipo Madimba, bomba la kwenda Dar es Salaam lilikamilika 2015, na Songo Songo iko Kilwa. Mtoto anayepita Madimba kila likizo anataka Uhandisi wa Petroli. Mimi humwambia hivi: pale ndani wanahitajika wahandisi wa mitambo, wa umeme, wa kemikali, wa mifumo ya udhibiti. Wote hao wanafanya kazi ya gesi, na kesho wanaweza kufanya ya saruji pale Msijute au ya bandari. Usijifunge kwenye kozi moja yenye nafasi chache kwa sababu ya jina lake.

Mpangilio wenyewe: unayoipenda weka juu hata kama nimeandika “bahati”, mradi chini yake ziwepo za nusu kwa nusu na moja iliyo imara. Kuna wanaoogopa wakaweka iliyo imara ya kwanza, wakaipata, wakakaa miaka 4 wakijiuliza ile nyingine ingewajibu nini.

Simu ya nani?

Maombi yanapelekwa chuo kwa chuo, kila kimoja na ada yake na kontroli namba yake. Ukichaguliwa na zaidi ya kimoja unatakiwa kuthibitisha kimoja tu, kwa namba maalumu inayotumwa kwenye simu uliyojaza, ndani ya siku zilizowekwa. Sasa fikiria kwamba wahitimu wengi wa kidato cha sita wakati huo wako kambini, Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, na simu hawana.

Daftarini nina mstari wa kijana mwenye fizikia B na adivansi B. Alichaguliwa vyuo viwili. Namba aliyojaza ilikuwa ya mjomba wake Kitangali, na mjomba, mtu mwema kabisa, alikuwa ameshabadilisha laini kwa sababu ile ya zamani haikushika mtandao shambani. Ujumbe ulikwenda kwenye laini iliyokuwa kwenye droo. Siku zikapita, nafasi ikapotea. Pointi 8! Ilibidi aombe awamu iliyofuata na kuchukua kilichobaki.

Kwa hiyo ninapopima nafasi ya mtu nauliza na haya: laini ni ya nani, nani anasoma ujumbe, neno la siri la akaunti limeandikwa wapi. Yaandike kwenye karatasi, karatasi abaki nayo mama au dada anayejua kusoma na asiyehamahama. Jina kwenye cheti cha kuzaliwa na jina kwenye vyeti vya NECTA yafanane, maana Bodi ya Mikopo wanataka cheti kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, na dirisha lao halikusubiri wewe urekebishe herufi. Aliyefaulu sana masomo ya sayansi aulizie pia Samia Scholarship, ufadhili wa serikali ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023 kwa wanaokwenda kusoma sayansi, uhandisi, teknolojia na hisabati.

Halafu wazazi wangu, hapa ndipo penu. Vyuo hufunguliwa Oktoba na Novemba. Minada ya korosho nayo ndiyo kwanza inaanza Oktoba, na fedha ipitie chama cha msingi, ifike benki. Familia nyingi zinaitegemea fedha inayofika wiki mbili baada ya siku ya usajili. Lizungumzeni hilo mwezi wa nane, si siku ya kupanda basi. Kuwa na barua ya kuchaguliwa na kukosa nauli na ada ya kuanzia ni kukosa chuo kama kukosa kwingine.

Na kama fizikia au adivansi imekuangukia S au F, mlango wa kozi nyingi za shahada ya uhandisi umefungwa kwa mwaka huu. Una njia mbili, nami nimeona zote mbili zikifika. Kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, au kusoma stashahada ya ufundi, miaka mitatu, kwenye vyuo kama DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam) au Chuo cha Ufundi Arusha, kisha kuomba shahada ukiwa na GPA ya 3.0 au zaidi pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne. Njia ya stashahada ni ndefu, lakini wanaoipita wanafika chuo kikuu wakijua kushika bisibisi.

Anayeiota Marekani

Kila baada ya miaka michache anatokea mwenye A tatu, na mtu amemwambia kuhusu MIT, kile chuo maarufu cha teknolojia cha Marekani. Sivunji ndoto hiyo. Ninaiweka mezani na kuihesabu kama nyingine.

Mwaka 2023 waliomba MIT takriban watu 27,000, wakachukuliwa wasiofika 1,300. Kwa wanaotoka nje ya Marekani ni kama wawili katika kila mia. Na hao mia si watu wa kawaida, ni akina A tatu wa dunia nzima. Huko A zako zinakuleta mlangoni, haziufungui. Wanataka mtihani wa kuombea vyuo vya kule kama SAT, ambao wewe wa Mtwara utaufanyia Dar es Salaam, na katika waliochukuliwa MIT, robo tatu au zaidi wana 780 kwenda juu katika hisabati, juu kabisa ikiwa 800.

Vyuo vingi vya kule hutoa kila mwaka waraka uitwao Common Data Set, na huo ndio mwongozo wako badala ya kitabu cha TCU. Usome sehemu tatu. C7 inaonyesha chuo kinatilia uzito nini. C9 ina alama za SAT za waliojiunga. H6 inaonyesha wanafunzi wangapi wa kigeni walipewa msaada wa fedha, na kwa wastani kiasi gani. Anza na H6. Ukikuta chuo kinachukua wageni wengi na hakiwapi kitu, kukubaliwa kwako hakutakufikisha huko. MIT, Harvard, Yale na Princeton hawaangalii uwezo wa fedha wanapoamua juu ya mgeni, na wakimchukua wanamlipia pengo lote la mahitaji yake. Caltech na Stanford wanatoa fedha nyingi, lakini ombi la msaada la mgeni linaingia kwenye uamuzi. Vyuo vikuu vya majimbo vyenye uhandisi mkubwa mara nyingi havina fungu kwa mgeni wa shahada ya kwanza. Mshauri wa EducationUSA aliyepo ubalozi wa Marekani Dar es Salaam anakusaidia bila kukutoza. Wakala anayetaka malipo na kukuahidi nafasi, mwache.

Kwenye C7 ya MIT kitu kilichopewa uzito wa juu kabisa ni tabia na utu wa mwombaji. Nilimwonyesha mwanafunzi wangu wa A tatu mstari huo. Alikuwa ameandika insha ndefu juu ya kuipenda sayansi. Nikamwuliza ile pampu ya kisima cha msikiti kule kwao Newala, aliyoifungua na kuifunga mara nne mpaka ikavuta maji, ameiandika wapi. Hakuwa ameiandika. Newala maji ni habari ya kila siku, naye hakuona kama ni jambo la kusimulia. Akaanza insha upya.

Aliomba vyuo vitano vya aina hiyo. Tulihesabu pamoja: ukichukua wawili katika mia kwa kila chuo, kukosa vyote ni 0.98 kwa kipeo cha tano, takriban 0.904. Watu 90 katika 100 wanatoka mikono mitupu. Na kwa kuwa ni insha ile ile na vyeti vile vile, matukio yanategemeana, kwa hiyo hali ni ngumu zaidi ya hapo. Alielewa vizuri kuliko nilivyoelewa mimi siku ya yule mtoto wa Mikindani. Nafasi yake Mlimani, Uhandisi wa Umeme, alikuwa ameshaithibitisha na yuko darasani.

MIT hutangaza majibu tarehe 14 Machi, kwa sababu ya 3.14, na mara nyingi saa 6:28 ya jioni yao kwa saa ya Kizungu, mara mbili ya pai. Kwetu ni saa 7:28 usiku, imeshaingia tarehe 15. Alinipigia saa ile ile. Alikuwa amekosa, na vingine vinne vilimkosesha mwezi huo huo. Kesho yake asubuhi alikuwa na jaribio la saketi, akaenda akalifanya.

Mstari wa kijana wa Nanyamba

Alikuwa na fedha ya kuomba vyuo vitatu tu. Tulikaa barazani mpaka magharibi. Ujenzi Mlimani akauweka, na mbele yake nikaandika “bahati” akiwa anaona. Mazingira Ardhi, nusu kwa nusu. Umwagiliaji Sokoine, kwa pointi zake 5 na kwa wale wawili tuliowapata kwa simu jioni ile, tukaona ndiyo iliyo karibu na imara kuliko zote. Hakuipenda. Alisema baba yake atauliza umwagiliaji wa nini, Nanyamba mvua ipo. Nikampa ukurasa niliouchapisha aende nao.

Daftarini mstari wake unasomeka hivi: Fizikia C, Kemia B, Adivansi D. Ujenzi Mlimani, kakosa. Mazingira Ardhi, kakosa. Umwagiliaji Sokoine, kapata, awamu ya kwanza. Kathibitisha mwenyewe kwa simu ya mama yake.

Kwa kozi hiyo sasa yeye ndiye wa mwisho kuingia ninayemfahamu. Anayeiulizia mwaka huu nampa alama zake, na kwa ruhusa yake nampa na namba yake ya simu.